Jirani Hakumwekea Paka Wako Sumu

Wacha niseme tu: jirani hakumwekea paka wako sumu. Najua umeshaandika kwa grupu ya ploti. Hukumtaja jina, ulisema tu "kuna mtu hapa ana roho mbaya," na kila mtu akajua ni nani. Sasa nijibu maswali matatu. Paka alikuwa na umri gani? Alichanjwa lini? Na kabla yake, kuna mwingine alikufa kwa nyumba hiyo hiyo?

Kama majibu ni "miezi minne," "chanjo gani?" na "ndio, wawili," basi wacha mama wa watu apumzike.

Nimeishi Kihunguro kule Ruiru, sasa niko Makongeni hapa Thika, na hii stori ni ile ile kila mahali. Paka anaamka hataki chakula. Anatapika povu la manjano, anaharisha. Anakaa ameinamia bakuli la maji lakini hanywi. Siku chache hivi, amekwisha. Hukumu inatoka siku hiyo hiyo: sumu. Watu wanaacha kusalimiana kwa ngazi. Wiki mbili baadaye mwenye paka analetewa kengine kadogo na rafiki wa Juja. Hako nako kanakufa. Sasa inakuwa uchawi.

Wasee, huo ugonjwa una jina. Ni panlukopenia, wengi wanaiita parvo ya paka. Ni kirusi kinachoharibu utumbo na kumaliza chembe nyeupe za damu, zile za kupigana na magonjwa. Paka wadogo ambao hawajachanjwa ndio kinawafagia zaidi. Hakuna dawa ya kukiua kikishaingia mwilini. Daktari anamwongezea maji, anazuia kutapika, anampa antibiotiki ili bakteria wasimmalize wakati kinga imeanguka. Wengine hupona, hasa wakifikishwa mapema. Lakini wewe siku hizo za mapema ulikuwa unatafuta nani kaweka sumu.

Na sababu ya yule wa pili kufa ni hii: kirusi hiki kinaweza kukaa kwa nyumba hadi mwaka mzima. Kwa sakafu, kwa blanketi, kwa ile kreti alikuwa analalia. Dawa nyingi za kusafishia hazikiwezi. Jik inakiweza: osha uchafu kwanza kwa sabuni, kisha pitisha Jik, sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, uiache dakika kumi. Blanketi tupa. Na paka mpya asiingie kabla ya kumaliza chanjo zake.

"Wangu hatoki nje." Sawa, lakini wewe unatoka. Unapita Kamakis, unakanyaga kila kitu, unarudi na viatu hadi kwa kochi. Kirusi hakihitaji paka mwingine kukileta, soli inatosha.

"Paka ana roho tisa." Mwambie hivyo paka wa wiki nane.

"Nilimpa Panadol." Hii ndiyo inaniudhi zaidi, kwa sababu kuna agroveti moja niliingia kuulizia, na mtu wa kaunta akaniambia nikate nusu nimpe. Panadol ni sumu kwa paka! Ini lake haliwezi kuivunjavunja kama letu, na damu yake inaharibika isibebe hewa. Kidonge kimoja kinaweza kuua paka mkubwa. Kwa hiyo kuna wakati sumu ilikuwepo kweli, na aliyeiweka ni wewe.

Sisemi hakuna watu wanaotega sumu. Wapo. Lakini daktari ndiye wa kupima na kusema, si admini wa grupu.

"Pesa hakuna." Hapo tuongee kama watu wazima. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, kazi yangu ni simu na taa ya kurekodia, siwezi kukuhubiria kuhusu pesa. Lakini kumbuka ule mswada wa Nairobi wa 2024, uliotaka mwenye paka alipie leseni ya shilingi 200 kwa mwaka na aonyeshe amemchanja dhidi ya kichaa cha mbwa. Mtandao uliwaka. Sisi wa Kiambu tukacheka kana kwamba Ruiru haipakani na Nairobi. Kelele zote zilikuwa za ile 200. Chanjo? Hakuna aliyeijali. Na kichaa cha mbwa si cha mbwa pekee. Paka anakipata, anakuuma wewe au mtoto, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mara ni kifo. Ukiumwa au ukikwaruzwa na mnyama usiyemwamini, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi pia sitaki ada bila huduma. Katiba ya 2010 iliweka huduma za mifugo mikononi mwa kaunti, kwa hiyo Kiambu, mkija kuchanja mbwa, tangazeni na paka. Waambieni watu wa ploti, si wenye boma pekee.

Lakini tusingoje. Chanjo ya paka inayokinga parvo hii inakinga pia mafua ya paka, yale ya macho kutoa uchafu na vidonda kwa ulimi. Inaanza akiwa na wiki sita hadi nane, inarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16, kisha anaongezewa baada ya mwaka. Dozi moja haitoshi kwa mdogo, kwa sababu kinga aliyopewa na mama yake inaweza kuizuia isishike. Ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi mitatu.

Mtafute daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Jikusanyeni wenye paka watano kwa ploti, mgawane gharama ya safari yake, aje siku moja. Na ukianza kubisha milango, anza na ule wa jirani uliyemshuku. Unamdai samahani hata hivyo.