Si kila anayepepesuka amelewa

Leo sina umbeya wa harusi wala wa nani kamwacha nani. Leo nataka kuungama. Nilimcheka mshikaji wangu akiwa mgonjwa, na kicheko kile nusura kimpeleke makaburini.

Ilikuwa mwaka jana, mwisho wa mwezi, mshiko upo. Tulijikusanya Sinza kula kuku wa kuchoma. Si unajua kuku wa haraka haraka: nje kaungua, ndani bado mbichi. Wengine tulisalimika. Mshikaji wangu, ambaye tumekua pamoja tangu enzi za kucheza chandimu, aliharisha siku tatu. Akanywa maji ya chumvi na sukari, akapona, tukasahau.

Kama siku 10 baadaye akaja kijiweni asubuhi, kafumba jicho moja. Akaniambia, “Oya, mbona naona madaladala mawili mawili?”

Jamani, tulicheka mpaka machozi. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. “Punguza mtindi, baba!” Akaapa hajagusa bia wiki nzima. Nani amwamini? Jioni ile ile kondakta akamshusha njiani: “Shuka wewe mlevi, utanitapikia abiria!” Akarudi nyumbani kwa kushika kuta.

Siku ya pili akawa anatembea kaitanua miguu kama mtu aliyesimama ndani ya ngalawa. Siku ya tatu ndiyo ikawa balaa. Analala tu. Ukimwita anajibu neno moja, anarudi usingizini. Ukimfunua kope, macho hayageuki kulia wala kushoto, yametulia katikati kama ya mwanasesere.

Hapo sasa kila mtu akawa daktari. Kijiwe kikasema kanywa pombe chafu. Shangazi yake akasema huo ni mkono wa mtu, kuna jirani hakufurahia kazi aliyoipata. Zahanati ya kwanza ikaandika malaria na taifodi, vyote viwili kwa mpigo, bila mtu kumgusa hata goti. Siku mbili zikapotea hivyo hivyo, mshikaji anazidi kuzama.

Mwishowe tukampakia kwenye teksi mpaka hospitali kubwa. Akatupokea dokta wa kike, umri wetu tu. Akamwamkia mama mgonjwa shikamoo, kisha akauliza, “Nani alikuwa naye siku ya kwanza kabisa?”

Nikasema mimi.

“Basi kaka, wewe ndiye utakayeniambia anaumwa nini. Mimi nitauliza tu.”

Nilidhani ananitania. Kumbe wala.

Swali la kwanza: ilianza ghafla kama umeme unapokatika, au ilipanda kidogo kidogo? Nikamwambia ilipanda kwa siku tatu. Akaeleza kwamba nyuma kwenye kisogo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, kuna kipande kinene kama kidole gumba kinachoitwa shina la ubongo. Hapo ndipo zinapopita nyaya zote za kugeuza macho, kushika mizani ya mwili, kupumua na kukaa macho. Kiharusi kikipiga hapo, mara nyingi huja kwa dakika au saa chache. Hiki kilikuwa kinapanda ngazi moja moja. Akaandika, hakufuta moja kwa moja.

Swali la pili: pombe? Nikajikuna kichwa. Akasema mlevi ukimlaza, kesho anaamka na kichwa kinachouma. Huyu kila asubuhi anaamka vibaya kuliko jana.

La tatu: alikuwa anakula? Alitapika wiki nyingi? Kuna ugonjwa unaoitwa wa Wernicke, umeandikwa tangu 1881, unaoletwa na mwili kuishiwa vitamini B1. Unafanana na huu kama pacha: macho kukwama, kuyumba, akili kuchanganyikiwa. Huwapata wanywaji wa kupindukia, hata mama mjamzito anayetapika kila kukicha. Mshikaji hakuwa na dalili za njaa, lakini dokta akaagiza sindano ya B1 pale pale. “Ni rahisi, na haina madhara makubwa,” akasema. “Nikikosea kwa kutoa, sijapoteza kitu. Nikikosea kwa kutotoa, anaweza kupoteza kumbukumbu maisha yake yote.”

La nne: aliumwa na nyoka? Alikula chakula cha kopo kilichoharibika? Sumu ya koboko hudondosha kope na kukwamisha macho. Sumu ya chakula inayoitwa botulizimu hufanya hivyo hivyo, na kinywa hukauka, mboni zikapanuka. Lakini hao wote, maadamu wanapumua vizuri, akili inabaki timamu. Wanakusikia na wanakuelewa. Mshikaji wetu alikuwa gizani.

La tano: asubuhi alikuwa na nafuu, jioni hoi? Hiyo ni tabia ya maiasthenia, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi. Macho yanaona viwili viwili, kope zinaanguka, lakini usingizi wa ajabu haumo.

La sita: homa? Kichwa kuuma wiki nyingi? Kikohozi? Hapa akakunja uso. TB ya utando wa ubongo, malaria iliyopanda kichwani na maambukizi yanayowavizia wenye virusi vya UKIMWI, yote hayo kwetu Bongo ni ya kawaida kuliko huo ugonjwa anaoufikiria yeye. Hayafutwi kwa maneno, yanafutwa kwa vipimo.

Swali la saba ndilo lililonimaliza. “Wiki mbili tatu kabla ya haya aliumwa kitu chochote? Mafua? Kuharisha?”

Kuku wa Sinza! Nilikuwa nimemsahau kabisa.

Dokta akatoa kinyundo cha mpira, akagonga goti. Mguu ukaruka kama umepigwa shoti. Akakwaruza unyayo, kidole gumba cha mguu kikapanda juu badala ya kukunjika chini. Akanigeukia. “Umeona? Goti lingekaa kimya, ningesema tatizo ni mishipa ya nje tu. Hili linasema tatizo ni ndani, kwenye shina lenyewe.”

Sasa nikupe historia kidogo, usije ukasema safu hii ni ya porojo tu. Mwaka 1951, daktari Mwingereza Edwin Bickerstaff na mwenzake Philip Cloake waliandika habari za wagonjwa watatu wa namna hii: macho yamekwama, mwendo wa kulewa, usingizi mzito. Mwaka 1956, Charles Miller Fisher, Mkanada aliyekuwa Boston, akaandika habari za wengine watatu. Hao nao macho yalikwama na waliyumba, lakini magoti yao yalikuwa kimya na hawakuzama usingizini kama wale wa Bickerstaff. Kwa miaka mingi watu wakadhani ni magonjwa mawili yasiyohusiana. Miaka ya 1990 watafiti wa Japani wakakuta kwenye damu ya wagonjwa wa aina zote mbili kingamwili ile ile, inayoitwa anti-GQ1b. Kumbe ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kapiga nje, mwingine kapiga ndani.

Inakuwaje? Dokta alinieleza kwa lugha ya mtaani. Fikiria sungusungu wanamfukuza kibaka aliyevaa jezi nyekundu. Kibaka anakamatwa, sawa. Lakini wao wamepandwa na mori, wanaendelea kumshushia kipigo kila mwenye jezi nyekundu, hata mpita njia. Vijidudu vingine, kama vile vinavyokaa kwenye kuku mbichi, vina gamba linalofanana na ngozi ya mishipa inayogeuza macho. Askari wa mwili wanamaliza kijidudu, kisha wanaanza kumpiga mwenye nyumba.

Ikabaki kuthibitisha. Dokta akasema lazima achukue maji ya uti wa mgongo. Mama mgonjwa akaruka: “Mwanangu hatolewi maji ya mgongo! Wote wanaotolewa wanakufa!” Na wewe msomaji najua umeshayasikia maneno hayo. Dokta hakukasirika. Akamshika mkono. “Mama, wanaokufa huwa wameletwa wakiwa wameshachelewa, sindano inabebeshwa lawama. Nachukua maji kama vijiko viwili vya chai. Mwili unatengeneza mengine leo leo. Na sindano inaingia chini, uti wenyewe ulipokwisha ishia. Nisipoyaona maji hayo, TB inaweza kumuua huku mimi natibu kitu kingine.”

Mama akanitazama mimi. “Mwanangu, unasemaje?” Nikakumbuka kicheko changu cha kijiweni. Nikasema, “Mama, tumkubalie.” Sijawahi kutamka neno zito kama hilo.

Picha ya kichwa ilitoka safi, tukachanganyikiwa. Dokta akatutuliza: Wajapani walipochunguza wagonjwa 62 wa Bickerstaff na kuchapisha matokeo mwaka 2003, MRI ilionyesha kasoro kwa asilimia kama 30 tu. Ile kingamwili nayo ilipatikana kwa asilimia 66, na kipimo chake hakifanyiki kila maabara. Kwa hiyo picha safi haimaanishi mgonjwa anaigiza. Malaria hakuna, virusi hakuna, kwenye maji ya mgongo hakukuonekana dalili za TB. Walipofuta yote yanayofutika, likabaki lile moja.

Dawa yake ni dripu ya kingamwili zilizochujwa kutoka kwenye damu ya watu wengi, na bei yake usiiulize ukiwa umesimama. Tukapitisha daftari ofisini kwake, kijiweni, msikitini, mpaka kwa yule jirani aliyesingiziwa uchawi. Na huyo jirani, nakwambia, alichanga kuliko shangazi. Mshikaji akalazwa chumba cha uangalizi, maana shina likizidiwa hata pumzi hukata. Wiki ya tatu akafumbua macho, akamtambua mama yake. Leo anatembea, kazini karudi.

Nimejifunza nini? Kwamba jina la ugonjwa siyo kazi yetu. Hata hilo la Bickerstaff usilibebe ukaanza kuwagawia watu mtaani, ni adimu sana. Kazi yetu ni ushahidi: nini kilianza, kikafuata nini, kwa siku ngapi, wiki za nyuma aliumwa nini. Mtu akianza ghafla kuona viwili viwili, kuyumba bila kinywaji au kusinzia isivyo kawaida, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na uende naye wewe uliyemwona mwanzo. Usimtume na kaka yake aliyefika jana kutoka mkoani.

Juzi tulikaa tena kijiweni. Mshikaji akaagiza soda. Nikamwomba radhi kwa siku ile. Akaniambia hakumbuki hospitali hata kidogo, wala dripu, wala siku aliyopandishwa teksi. Kisha akanywa funda moja.

“Ila kicheko chako nakikumbuka,” akasema.

Akacheka yeye. Mimi nilishindwa.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na kuku, tafadhali, aive.