Damu yetu ikipanda gari, kijana wetu pia apande

Wasee wa Garissa, tuambiane ukweli. Homa ya Bonde la Ufa ilitupiga 1997, ikarudi 2006. 2018 ikaibukia Wajir. Kila mara ni story ile ile: mvua kubwa, mbu kibao, mbuzi wanaharibu mimba, watu wanakufa. Na kila mara watafiti wanakuja.

Sasa kijana wetu mwenye digrii ya sayansi anapewa kazi gani? Kutafsiri Kisomali na kushika ngamia. Siku chache, posho kidogo, kwaheri. Sampuli zinawekwa kwa barafu zinaenda maabara Nairobi. Yeye anarudi mtaani kutafuta kibarua.

Halafu unasikia ati watu wa North Eastern hawapendi sayansi. Walahi hayo ni matusi! Semina ya siku moja hotelini, cheti na soda, haimfanyi mtu mtafiti. Mtafiti hulelewa na aliyemtangulia: amfundishe mashine, amkosoe maandishi, amwonyeshe jinsi ya kuomba pesa za utafiti, na jina lake liandikwe kwa ile ripoti.

Mtasema mimi niliacha chuo, najua nini? Najua hii: bila huyo kijana, hakuna mzee wa boma atakubali utoboe ngamia wake sindano.

Kaunti na Chuo Kikuu cha Garissa waweke sharti. Unataka sampuli zetu? Beba na kijana wetu mmoja, mfike naye hadi ndani ya maabara, na usimwache hapo mlangoni.