Kwenye foleni ya mchele, bunduki ya vita ya nini?



Juzi jioni, pale tunapochajia simu, nilikuta wadogo zetu wanabishana. Si mpira. Wanabishana ile bastola ya chefe kiunoni ni ya aina gani, na kama "9" yake inaizidi AKM ya mwenzake. Mmoja wao, hata miaka kumi na mbili hajatimiza, anajua kabisa kwamba magazini ya AKM inaingia risasi 30. Nikamuuliza saba mara nane, akashindwa. Nilicheka, halafu nikanyamaza.

Sasa kwa vile hesabu hiyo wanaipenda, wacha niwape kamili. Kaliba ni upana wa risasi, basi. Bastola ya Makarov, iliyotengenezwa kwanza Umoja wa Kisovieti na kuenea nchi nyingi, inapiga risasi ya milimita 9 na magazini yake inachukua risasi 8. AKM, ambayo wenzetu Tanzania huiita SMG, inapiga risasi ya milimita 7.62. Mtoto anasema 9 ni kubwa kuliko 7.62, kwa hiyo bastola ndiyo yenye nguvu. Siyo hivyo. Risasi ya Makarov inatoka kwa kasi ya kama mita 315 kwa sekunde, ya AKM zaidi ya mita 700. Ganda lake ni refu, baruti nyingi, na nguvu yake ni kama mara sita ya ile ya bastola. Hata 9 na 9 si moja: ganda la Makarov lina urefu wa milimita 18, na bastola nyingi za Ulaya zinatumia la milimita 19. Ukichanganya, umeharibu.

Kwa nini nawaeleza haya? Tazameni nyumba zetu. Ukuta ni mianzi na udongo, pengine turubai tu. Risasi ya AKM ikikosa mtu kwenye foleni haisimami kwenye ukuta wa kwanza. Inapita kwa jirani na kwa jirani wa jirani, pale mama amelaza mtoto. Risasi ya bastola nayo inaua, nisieleweke vibaya, turubai haliizuii. Lakini bastola inakaa kwenye ala kiunoni, mikono ya askari iko wazi, anaweza kumshika mzee mkono akamvusha. Mwenye AKM mikono yake yote iko kwenye bunduki, na mtutu lazima uelekee mahali fulani. Mara nyingi mahali hapo ni sisi.

Siku moja ya mgao foleni ilivunjika, watu wakasukumana, na mtu mmoja mwenye sare akapiga risasi mbili hewani. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, ingawa risasi ikipanda lazima ishuke, na ikishuka inaweza kuua. Bibi mmoja jirani yangu, aliyetoka Mocímboa da Praia kwa miguu, alijitupa chini juu ya mjukuu wake. Hakuinuka mpaka lori limeondoka. Mgao wake akaukosa. Jioni nilipompelekea unga kidogo aliniuliza: "Mwanangu, wamerudi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi mlio wa AKM tunaujua kwa masikio. Huwezi kutuambia ule ni wa kutulinda na huu ni wa kutuua. Ni mlio mmoja.

Najua mtakachosema, na ni kweli. Vita hivi vilianza alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, pale vituo vya polisi vya Mocímboa vilipovamiwa. Askari waliuawa, silaha zikaporwa. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Askari wa kizuizi cha barabarani mwenye bastola ya risasi 8, akikutana na watu wenye bunduki za vita, huyo tumeshamzika. Simwombei hivyo. Naye ana mama kijijini, na kuna askari waliokufa wakitupa sisi nafasi ya kukimbia. Kwenye kizuizi, kwenye njia ya msituni, na usiku kuzunguka kambi, bunduki ndefu ina kazi yake. Ninachosema ni kwamba penye foleni ya mchele, penye bomba la maji, penye darasa la chini ya mwembe, haina kazi. Bendera yetu tangu 1983 ina AK, jembe na kitabu. Basi kila kimoja kikae pake.

Na kuna jambo kubwa kuliko kaliba, nalo ni hesabu. Zile silaha za 2017 zilizoporwa vituoni hazikwenda kuwekwa makumbusho. Tanzania nao yaliwakuta Julai 2015 kituo cha Stakishari, Dar es Salaam. Bunduki ya polisi ikitoka mikononi mwake inakuja kwetu. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulipitisha huko Havana kanuni za polisi kutumia nguvu na silaha: ajaribu kwanza njia isiyo ya silaha, aonye kabla ya kufyatua, aliyeumia apelekwe kutibiwa, na kila askari awajibike kwa silaha na risasi alizokabidhiwa. Maana yake akitoka na risasi 30 akarudi na 28, mtu aulize mbili ziko wapi. Siku ile ya mgao sikusikia aliyeuliza. Hata sisi hatukuuliza.

Kwa hiyo nyie wa mashirika, nawaomba moja. Mkikaa kwenye kikao na wakuu wa usalama kupanga siku ya mgao, pangeni pia bunduki zikae wapi. Nje ya kamba, mbali na foleni, mitutu chini. Ndani ya kamba tutasimama sisi wa kujitolea, na kama lazima awepo askari, awe wa bastola kwenye ala, au asiwe na kitu. Foleni ikipangwa vizuri, wazee na wajawazito wakapewa kivuli na zamu yao, nani atasukumana?

Na wadogo zangu, nawaomba mawili. Msimpige picha askari na silaha yake mkaituma mtandaoni. Unaweza kushikwa ukaambiwa unapeleleza, na nani atakutoa? Na ukiokota risasi au kitu chochote cha chuma usichokijua, usikiguse. Kiache palepale, mwite mtu mzima.

Yule bibi bado yupo nyumba ya tatu kutoka kwangu. Siku za mgao haendi tena, anamtuma mjukuu. Mjukuu ana miaka tisa. Nataka arudi mwenyewe kwenye foleni, akae kivulini, achukue mchele wake bila kuangalia chini. Siku hiyo ikifika nitajua tumelindwa.