Kazi ya Kuuguza Iko: Umehesabu Gharama?



Kila mwaka, wakati matokeo ya diploma ya Leta yanapotoka, nyumba ya mchungaji inajaa watu. Mzazi anakuja na mtoto wake na kuuliza: "Pasta, tumuweke wapi?" Wengine wamekwisha kuchagua: "Atasoma uuguzi. Wagonjwa hawataisha." Ni kweli, wagonjwa hawataisha. Lakini kuna jambo moja tunalosahau. Kila kazi ina mahali pake, na kila mahali pana maisha yake. Anayechagua kazi bila kuuliza maisha ya mahali, amechagua nusu tu.

Nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe.

Kulikuwa binti mmoja wa kanisa letu, mwimbaji wa kwaya. Baba yake, mfanyakazi wa zamani wa mine, aliuza nusu ya kiwanja chake kusudi binti asome. Alisoma vizuri, akapata A1. Kiisha akakaa muji miaka 3: asubuhi staji bila malipo, mangaribi kuuza uniti za simu kando ya barabara. Siku moja barua ikafika kutoka kaskazini. Kituo kimoja cha afya kilitafuta muuguzi. Safari ilikuwa siku 3, kwanza lori, kisha piki-piki. Mama yake akaja kwangu na machozi: "Pasta, umuambie asiende. Tuliuza kiwanja juu aende kukaa mu pori?"

Nilimjibu mama kwa haraka. Nilimkumbusha Luka mganga, aliyesafiri na Paulo. Jumapili nikamsimamisha binti mbele ya kanisa, tukaomba, watu wakapiga makofi, tukampa Biblia na valizi. Akaenda.

Nyuma ya miezi 8 alirudi, amekonda. Alikuja kwangu usiku kusudi watu wasimuone. Mshahara haukutoka hata mara moja, kwa sababu jina lake halikuwa katika liste ya Leta, na mimi sikujua hata jambo lile ni nini. Nyumba ya muuguzi ilikuwa imeanguka kwa mvua. Alilala katika chumba cha wamama waliozaa. Na sisi tuliopiga makofi hatukumwandikia hata barua moja. Aliniuliza neno ambalo sijalisahau: "Pasta, mulinituma ao mulinifukuza?"

Sikuwa na jibu. Bwana wetu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: anakaa kwanza, anahesabu gharama (Luka 14:28). Mimi nilimwambia binti ajenge, lakini sikukaa naye kuhesabu. Tangu usiku ule nilianza kuuliza: waganga, wauguzi wa mine, wauguzi wa vijiji. Haya ndiyo niliyojifunza. Kijana wa uuguzi katika inchi yetu ya Katanga, iliyogawanywa mwaka 2015 kuwa majimbo 4, ana njia 3 mbele yake.

NJIA YA KWANZA: KAMPUNI ZA MINE

Wazee wetu walijua hopitali za kampuni. Union Minière ilianza mwaka 1906, na tangu miaka ya 1920 ilitaka wafanyakazi wakae pamoja na jamaa zao. Ikajenga nyumba, masomo, hopitali na materinite. Gécamines iliendelea na desturi ile. Ndiyo sababu wazee walizoea kusema kampuni njo baba, kampuni njo mama. Wakati ule umepita. Kutoka mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Wengi wa wasomaji wetu ni watoto wao.

Leo kampuni mpya zina klinike zao. Muuguzi wa pale anapima wafanyakazi mbele ya kuanza kazi, anaangalia masikio kwa sababu ya kelele na mapafu kwa sababu ya vumbi, anafunga vidonda, anasindikiza mgonjwa katika ambulansi. Mshahara ni mzuri kupita mahali pengine. Lakini nafasi ni chache, zamu za usiku ni nyingi, na mara nyingi kontra ni fupi, tena si ya kampuni kubwa bali ya kampuni ndogo inayochukua kazi chini yake. Bei ya shaba ao ya kobalti ikianguka, kontra inaweza kuanguka nayo. Na katika muji kama Kolwezi, kodi ya nyumba inakula sehemu kubwa ya mshahara. Kijana ukipata kazi ile, mshukuru Mungu, lakini usiishi kama vile itadumu milele. Weka akiba. Endelea kusoma.

NJIA YA PILI: KUBAKI MUJI

Muji una umeme, hata kama unakatika. Una masomo ya watoto, una waganga ambao kijana anaweza kujifunza kwao. Lakini kila mwaka masomo ya uuguzi yanatoa vijana wapya, na wote wanapiga hodi kwa milango ileile. Staji inageuka kuwa kazi isiyokuwa na mwisho na isiyokuwa na malipo. Hapo majaribu yanakuja. Mwingine anapanga chumba kimoja, anaandika "Dispanseri" kwenye mlango, anatundika maji kwa kila homa kusudi apate feza. Ndugu yangu, yule si muuguzi tena, ni mchuuzi. Tangu sheria ya mwaka 2016 wauguzi wana Ordre yao. Ujiandikishe pale, ufanye kazi chini ya jina lako na mahali palipo na ruhusa.

NJIA YA TATU: ZONI ZA AFYA ZA VIJIJI

Kongo yetu imegawanywa katika zoni za afya zaidi ya 500. Kila zoni ina ofisi yake, hopitali yake kubwa, na vituo vya afya vinavyosambaa katika vijiji. Mkubwa wa kituo ni muuguzi, yule watu wanamuita IT. Yeye anapima wagonjwa, anazalisha wamama kama hakuna mzalishaji, anachanja watoto, anahesabu dawa, anaandika raporo ya mwezi, anafanya kazi pamoja na wale wa reko wanaopita nyumba kwa nyumba. Muji, kijana wa miaka 25 anashika sahani ya sindano nyuma ya mganga. Kijijini, kijana yuleyule anaongoza kituo kizima. Akifanya vizuri anaweza kupanda: kuwa msimamizi katika ofisi ya zoni, ao kurudi masomoni, kutoka A2 kwenda A1 na zaidi.

Na maisha yake? Nitawaambia bila kuficha. Mihogo na samaki ni bei nafuu kupita muji. Watu wanakuheshimu, wanakuletea kuku. Kila mutu anakuita munganga, hata kama wewe ni A2. Jihadhari na jina lile! Usiguse kisu ambacho hukufundishwa kukishika. Peleka mgonjwa hopitali mapema. Usiku unazalisha kwa mwangaza wa simu. Kwa kupiga simu unapanda juu ya kichuguu kutafuta rezo. Wakati wa mvua barabara inakatika, na mgonjwa wako anabebwa kwa kinga. Tena kuna upweke, ambao sikuhubiri hata siku moja juu yake.

Lakini pale ndipo uhitaji mkubwa uko. Kumbukeni surua iliyoanza mwaka 2019: katika inchi yetu iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Chanjo ya surua iko tangu zamani. Lakini chanjo haitembei yenyewe. Inaomba frigo inayofanya kazi, piki-piki, na muuguzi anayejua ni watoto wa nyumba gani hawajapata. Muuguzi akitoka kijijini, anatoka na hesabu ile.

Kanisa nalo si mgeni katika kazi hii. Mganga Arthur Piper, Mmethodisti, alitumika miaka mingi kule Kapanga. Mwaka 1981 kanisa la Kristo katika inchi yetu lilianza mpango wa SANRU kusaidia afya ya vijiji. Mpaka leo hopitali na vituo vingi vinashikwa na makanisa. Kijana anayetafuta kazi apige hodi pale pia.

MASWALI YA KUULIZA MBELE YA KUPANDA LORI

Kijana, kuuliza si kukosa imani. Mbele ya kukubali nafasi, andika maswali haya kwa karatasi na umuulize mganga mkubwa wa zoni ao mwenye kukuita:

1. Nani atanilipa? Kuna mshahara wa Leta, kuna primu, na kuna sehemu ya feza ambazo wagonjwa wanalipa kituoni. Ni vitu vitatu mbalimbali. Wauguzi wengi wanafanya kazi miaka bila matrikule, na wanaishi kwa ile ya tatu tu. Uliza dosie yako itapita wapi na nani ataifuata. Uchunge kopi ya kila karatasi.

2. Nitalala wapi? Nyumba iko, ao ni ahadi?

3. Kituo kina nini? Dawa, frigo, meza ya kuzalishia, maji. Hopitali kubwa iko kilometa ngapi, na tunafika kwa njia gani?

4. Nitafanya kazi na nani? Muuguzi mmoja peke yake usiku na mchana anachoka, na mwenye kuchoka anakosea.

5. Bibi ao bwana yangu atafanya nini pale? Watoto watasoma wapi?

6. Nitakaa miaka mingapi, na baadaye nitaweza kuendelea na masomo?

Ukipata majibu mazuri kwa maswali yote 6, basi umebahatika. Ukipata kwa 4, unaweza kwenda huku macho yako yakiwa wazi. Lakini kama hakuna jibu la malipo wala la nyumba, usione haya kusema: ningojeeni kwanza.

NA SISI TUNAOBAKI?

Hapa ninasema na wazazi, wazee wa kanisa, na wachungaji wenzangu. Makofi hayajengi nyumba. Kanisa likituma kijana, limfuate: simu kila juma, barua kwa lori, kidogo cha kumsaidia mpaka primu itoke. Kanisa la kule kijijini limpokee, limtafutie nyumba, limpe mama mmoja wa kukaa naye usiku wa kwanza.

Tena, ninyi mnaokaa karibu na mine, mjue haki yenu. Sheria ya mine, tangu ilipobadilishwa mwaka 2018, inaomba kampuni inayochimba itoe angalau franka 3 kwa kila franka 1,000 za mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Mara nyingi tunasikia vijiji vinaomba jengo la kituo cha afya. Ni vizuri. Lakini ombeni pia nyumba ya muuguzi kando ya kituo. Jengo lenye rangi nzuri bila muuguzi ndani, popo wanalipata mbele ya wagonjwa.

Mtaniuliza: yule binti alikuwa namna gani? Alikaa kwa wazazi karibu mwaka mmoja. Kiisha zoni ingine ikamuita. Safari hii tulikaa chini sote, yeye, wazazi wake na mimi, na yale maswali 6. Alipata majibu mazuri kwa 4. Nyumba ilikuwa na bati, na kulikuwa muuguzi mwingine. Matrikule haikuwa, na primu ilikuwa ya kubahatisha. Akasema, "Sasa ninajua njo kwenye ninaenda." Wamama wa kanisa walimchangia unga wa bukari wa miezi 3. Safari hii hatukupiga makofi.

Bado yuko kule. Primu inachelewa, na kila mara ikichelewa ananipigia simu kunigombeza, nami ninakubali kugombezwa. Mwaka uliopita mama yake, yule aliyelia kwangu, alipanda lori kwenda kumtazama. Aliporudi nilimuuliza ameona nini. Akanijibu: "Pasta, kule mutoto wangu banamuamusha usiku kila siku. Anachoka. Lakini bamama ya kule banazaa na banarudi kwao bazima." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Unga njo muendelee kutuma."

Tunatuma.

Bwana awabariki. Tuonane mwezi ujao.

Ya kuzungumza katika jamaa:
– Mtoto wetu anapotaja kazi anayoipenda, tunamuuliza juu ya mshahara tu, ao pia juu ya maisha ya mahali?
– Kuna kijana gani wa kanisa letu anayefanya kazi mbali? Nani alizungumza naye mwezi huu?
– Kituo cha afya kilicho karibu nasi kinakosa nini, na muuguzi wake analala wapi?