Bangi ya Marekani: halali kwa mwenyeji, mtego kwa mgeni

Na Zuhura Mshana

Anayeuza bangi dukani mjini Denver hafanyi kazi ya kujificha. Kabla hajaanza, jimbo la Colorado humchukua alama za vidole, hupekua rekodi zake za polisi, kisha humpa leseni yenye picha yake. Kila mche shambani hufungwa lebo, na jimbo huufuatilia tangu ukiwa mchanga hadi bidhaa inapofika kaunta. Mteja anaonyesha kitambulisho kwamba ametimiza miaka 21, analipa bei pamoja na kodi, anapewa risiti na kwenda zake. Hakuna kichochoro wala mlango wa nyuma.

Sasa mchukulie mfanyakazi huyo hajawa raia wa Marekani. Ana kadi ya ukaazi wa kudumu, ile grini kadi, na miaka yake mitano imetimia. Anajaza fomu ya uraia, anaitwa kwenye usaili, anaulizwa anafanya kazi gani. Hapo leseni aliyopewa na jimbo, hati zake za mshahara na kodi aliyolipa vyote vinamgeuka. Mbele ya ofisa wa uhamiaji, ambaye ni mtumishi wa serikali kuu, vitu hivyo ni ushahidi kwamba ameshiriki biashara ya dawa za kulevya.

Si jambo la kufikirika. Mwaka 2019 wahamiaji wawili wa Colorado, mmoja mzaliwa wa Lithuania na mwingine wa El Salvador, walijitokeza hadharani mjini Denver kueleza kwamba kazi katika sekta ya bangi ndiyo iliyowakwamisha kupata uraia. Meya wa wakati huo, Michael Hancock, akasimama upande wao. Aprili mwaka huohuo Idara ya Uraia na Uhamiaji ilitoa mwongozo wa maandishi: kutumia bangi au kuajiriwa katika biashara yake kunaweza kumnyima mwombaji sifa ya kuwa mtu mwenye tabia njema, hata kama jimbo analoishi limeruhusu.

Naandika habari hii kwa sababu watu wetu wamo. Kwa miaka kadhaa, hadi 2024, Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani, na wengi wao walipitia Nyarugusu kule Kigoma, Kakuma kule Kenya, au makambi ya Uganda. Lugha waliyoondoka nayo ni hii tunayoisoma hapa. Ongeza Wakenya na Watanzania walioshinda bahati nasibu ya viza, au walioenda kusoma wakabaki. Wamekaa Colorado, Maine, Ohio, Kentucky, Idaho. Baadhi ya majimbo hayo yameruhusu bangi ya starehe na mengine hayajaruhusu, na sheria inayoamua kama mtu abaki nchini au aondoke haijali yuko jimbo gani.

Kwetu jambo hili ni gumu kulielewa. Hapa Tanzania haiwezekani kitu kiwe halali Moshi kisha kiwe jinai Arusha. Marekani majimbo yana mabunge yake, polisi wake na mahakama zake, na juu yake ipo serikali kuu yenye sheria zake. Sheria ya dawa za kulevya ya 1970, iliyosainiwa na Rais Nixon, iliiweka bangi daraja la kwanza, pamoja na heroini. California ikaruhusu bangi ya matibabu kwa kura ya wananchi mwaka 1996. Mwaka 2012 Colorado na jimbo la Washington yakaruhusu hata ya starehe, na Ohio ilipopiga kura mwaka 2023 ikawa jimbo la 24. Serikali kuu haiwezi kulilazimisha jimbo litunge sheria ya kukataza. Jimbo nalo haliwezi kuifuta sheria ya serikali kuu. Basi sheria zote mbili zinaishi juu ya mche uleule.

Mgongano huo ulionekana wazi Agosti 2002 katika nyumba ya mama mmoja wa California. Alikuwa na miche sita, aliyoipanda kwa ushauri wa daktari. Walikuja askari wa eneo lake na maofisa wa serikali kuu wa kupambana na dawa za kulevya. Askari wa eneo walichunguza wakasema mama huyu hajavunja sheria ya California. Wale wa serikali kuu wakasema kwao ni kosa. Walibishana pale kwa saa tatu, mwishowe miche yote sita ikachukuliwa na kuharibiwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu kwa jina la Gonzales dhidi ya Raich, na mwaka 2005 majaji sita kwa watatu waliamua kwamba Bunge la Marekani lina mamlaka ya kukataza hata bangi inayolimwa na kutumiwa nyumbani bila kuuzwa. Uamuzi huo haujatenguliwa.

Kwa nini basi maduka yamefunguliwa na hayafungwi? Kwa sababu wakubwa wa serikali kuu wameamua kuangalia pembeni, na uamuzi wa namna hiyo hubadilika na anayekalia kiti. Mwaka 2013 Wizara ya Sheria iliwaandikia waendesha mashtaka wake kwamba wasihangaike na wanaofuata sheria za majimbo. Januari 2018 Jeff Sessions, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, aliufuta waraka huo. Tangu mwishoni mwa 2014 Bunge limekuwa likiweka kifungu kwenye bajeti kuzuia fedha za wizara zisitumike kuyabana majimbo, ila kifungu hicho kinahusu bangi ya matibabu tu.

Na serikali kuu hiyo haikatai fedha. Kifungu cha kodi cha mwaka 1982 kinamnyima mwenye duka la bangi haki ya kutoa gharama za kawaida, kama pango na mishahara ya wauzaji, kabla ya kukokotolewa kodi ya mapato, kwa hiyo analipa zaidi ya mwenye duka la viatu. Colorado nayo imekusanya zaidi ya dola bilioni 2 tangu mauzo yaanze Januari 2014, na sehemu yake imejenga shule. Ngazi zote mbili zinakula kwenye biashara hii. Kisha ngazi ya juu inamgeukia aliyesimama kaunta kwa mshahara wa saa na kumwambia hana tabia njema. Hilo mimi naliita dhuluma, na sioni neno la kulipunguza makali.

Nimewahi kusikia jibu la haraka: si asivute tu? Mimi si mtetezi wa bangi, na kijana akiniuliza nitamwambia aachane nayo. Lakini jibu hilo halifiki kwenye tatizo. Mfagiaji, mlinzi na mfungashaji hawahitaji kuvuta hata msokoto mmoja ili sheria ya uhamiaji iwaguse. Sheria hiyo haingoji hata hukumu ya mahakama. Ukikiri mbele ya ofisa kwamba umewahi kuwa na bangi, kukiri huko kunaweza kutosha. Ofisa akiwa na sababu ya kuamini kwamba ulishiriki biashara, inaweza kutosha pia. Sisi tumelelewa na wito wa polisi wa kutii sheria bila shuruti. Mgeni wa Denver ametii: ameomba leseni, amelipa kodi, amesema ukweli alipoulizwa. Utii wake ndio uliomponza.

Adrian Moncrieffe alifikishwa Marekani kutoka Jamaika mwaka 1984 akiwa na miaka mitatu. Mwaka 2007 polisi wa Georgia walisimamisha gari lake wakakuta gramu 1.3 za bangi, kiasi cha misokoto miwili au mitatu. Serikali ikataka kumrudisha Jamaika kama mtu aliyetenda kosa zito la biashara ya dawa. Ilibidi aende hadi Mahakama ya Juu, na hapo mwaka 2013 majaji saba kwa wawili wakasema kosa la namna ile halipaswi kuhesabiwa kuwa zito kiasi hicho. Gramu moja na ushei, miaka sita, na mahakama kubwa kuliko zote nchini! Raia aliyekamatwa na kiasi hicho hicho hana nchi ya kurudishwa.

Sheria ina upenyo mdogo: mkaazi mwenye kosa moja tu la kuwa na gramu zisizozidi 30 kwa matumizi yake mwenyewe hafukuzwi kwa kosa hilo. Upenyo huo unamlinda akiwa ndani ya nchi. Akipigiwa simu kwamba mama amefariki, akakata tiketi, akaja kuzika Kigoma au Kisumu, safari ya kurudi ni habari nyingine. Uwanjani anaweza kuhesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na kwenye kuingia upenyo ule haufanyi kazi vilevile. Itabidi aombe msamaha maalumu, na msamaha huo ni hiari ya mtoaji. Ni wangapi wanaopanda ndege kwenda msibani wakiwa wanalijua hili?

Madereva wa malori nao wana yao. Kazi hiyo imewainua Waafrika Mashariki wengi huko, imejenga nyumba na kusomesha wadogo zao huku. Leseni ya lori kubwa inasimamiwa kwa kanuni za serikali kuu, na kipimo cha mkojo hakiulizi kama ulivuta Colorado siku ya mapumziko. Bangi hukaa mwilini siku nyingi baada ya ulevi kuisha. Ukikutwa nayo, jina linaingia kwenye daftari la taifa ambalo waajiri wanalazimika kulikagua, na usukani unauachia mpaka umalize utaratibu wa kusafishwa. Kuibeba bangi yenyewe ni balaa zaidi. Kutoka Boise, Idaho, wanakoishi Wakongomani wengi, hadi mji wa Ontario jimboni Oregon ni kama saa moja kwa gari. Ontario bangi inauzwa madukani. Ukivuka mto Snake kurudi Idaho nayo ni jinai ya Idaho, na kuivusha mpaka wa majimbo ni kosa la serikali kuu, hata kama majimbo yote mawili yangekuwa yameiruhusu.

Mei 2024 Wizara ya Sheria ilipendekeza bangi ishushwe hadi daraja la tatu, na Desemba 2025 Rais Trump akaagiza kazi hiyo iharakishwe. Wafanyabiashara walishangilia, na kwa upande wa kodi wana sababu. Mgeni asishangilie. Vifungu vya uhamiaji vinataja dawa za madaraja yote, la kwanza hadi la tano, kwa hiyo kushuka daraja hakumtoi mtegoni. Hata msamaha wa Rais Biden wa Oktoba 2022 kwa waliokutwa na bangi haukugusa makosa ya majimbo, wakati wengi huhukumiwa katika mahakama za majimbo.

Dawa ipo kwa wabunge wa Marekani, na si ndefu: waandike kwenye sheria ya uhamiaji kwamba tendo lililoruhusiwa na jimbo mahali lilipotendeka halitahesabiwa dhidi ya mgeni. Wana zaidi ya miaka kumi wakiukwepa wajibu huo huku kodi ikiingia.

Mpaka wafanye hivyo, kazi ya kuonya ni yetu. Wachungaji, masheikh na viongozi wa vyama vya jamii zetu huko, lisemeni jambo hili kwa Kiswahili, kwenye ibada na kwenye vikao vya harusi na misiba, kwa sababu tangazo la duka halitalisema. Nawe uliye na ndugu Marekani ambaye hajaapa kiapo cha uraia, mpigie simu wiki hii. Mwambie asichukue kazi yoyote kwenye bangi, asiinunue, asiibebe, asijipige nayo picha. Kama tayari yalishatokea, asijaze fomu wala kusafiri kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji, na asidanganye kwenye usaili, maana uongo chini ya kiapo nao pekee unatosha kumnyima uraia.