Hedifoni ya DJ wa Kike ni Sitara Yetu



Sherehe ya wanawake watupu raha yake ni moja: mtu avue baibui, aoneshe gauni na hina yake, acheze bila wasiwasi. Ndiyo maana tunatafuta DJ wa kike. Lakini hedifoni yake ikikatika waya katikati ya shughuli, huitwa fundi, na fundi mara nyingi ni mwanamme. Ukumbi mzima unakimbilia mabaibui.

Kwa hiyo wewe unayeifanya kazi hii, usichague hedifoni kwa rangi. Chagua inayoweza kufumuliwa na kurudishwa, kama gauni lililoshonwa vizuri. Waya uwe wa kuchomoka. Sponji za masikioni ziwe za kubadilishwa, maana jasho na mafuta ya nywele huzibambua. Mfano ni Sennheiser HD 25: ilitoka mwaka 1988, ina gramu 140 tu bila waya, na hadi leo vipuri vyake huuzwa kimoja kimoja. Bei inauma, lakini rahisi ni ghali. Za Bluetooth ziache. Sauti huchelewa kidogo, na nyimbo mbili hazikutani. Ukivaa juu ya mtandio, pini iwe mbali na sponji.

Na nyinyi maharusi, kabla hamjatoa arubuni, muulizeni DJ: una waya wa akiba? Msione haya. Wageni wenu wamevua mabaibui kwa kukuaminini nyinyi.