Fundi wa Nyumbani: Ekseli ya Trekta Kuukuu

Safari hii twende Marekani, kwenye matrekta madogo ya bustani, yale ya kukatia majani, kulimia kishamba cha uani na kusukumia theluji. Mengi yaliyoundwa katika miaka ya 1960 yangali yakifanya kazi, lakini mbele yamechoka: gurudumu limelala upande na usukani unachezacheza. Mwenyewe hukata tamaa, akidhani chombo chake hakina tena spea duniani. Mara nyingi sivyo.

Jina lililo kwenye boneti lisikutishe. Kampuni ya Simplicity, ya Port Washington katika jimbo la Wisconsin, iliiundia Allis-Chalmers matrekta ya bustani tangu mapema miaka ya 1960, hata Allis-Chalmers ikainunua Simplicity yenyewe mwaka 1965. Majina mawili, kiwanda kimoja. Mwenye hili na aulizie vyuma vya lile pia.

Hata hivyo, udugu huo hautoshi, kwa maana miundo ilibadilika kadiri miaka ilivyopita. Hapana budi kupima. Inua sehemu ya mbele, uweke magogo imara chini ya fremu. Askari aliyewahi kuhudumia magari ya kikosi hahitaji kuambiwa kwamba jeki peke yake si ya kuaminiwa. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, tazama mchezo unatoka wapi: kwenye beringi, kwenye bushi ya ncha ya ekseli, au kwenye pini ya katikati inayobeba ekseli nzima. Ukitoka kwenye bushi, usinunue ekseli. Mkereza vyuma atakutengenezea bushi ya shaba nyeusi kwa gharama ndogo.

Ikiwa chuma cha gurudumu chenyewe kimelika, kitoe ukipime unene mahali ambapo beringi haikusugua, kwani palipolika patakudanganya. Pima pia urefu wa sehemu inayoingia ndani ya ekseli, urefu wa sehemu inayobeba gurudumu, na mahali lilipo tundu la pini ya kufungia. Kisha angalia mkono wa usukani umeelekea wapi. Cha kushoto hakiwi cha kulia kwa sababu tu kimeingia tunduni.

Sasa nifike kwenye kosa linaloharibu zaidi. Vyuma hivi vilipimwa kwa inchi. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, ukivika beringi ya milimita 20, umeacha mwanya wa karibu milimita nzima, na gurudumu litayumba kama lilivyokuwa. Inchi moja ni milimita 25.4, beringi ya milimita 25 haiingii, na hapo ndipo watu huchukua nyundo. Wengine huzungushia kipande cha bati ili kujaza mwanya. Mimi siwezi kumruhusu mtoto wangu apande trekta iliyotengenezwa hivyo, sembuse kuteremka nayo mlimani, ambako uzito huegemea magurudumu ya mbele.

Ekseli ya chuma cha kusubu ikipasuka, usikimbilie kuichomelea kama bomba la maji: bila kupashwa moto kwanza na kupozwa polepole, hupasuka tena kando ya kiungo kipya. Heri uiondoe nzima kwenye trekta iliyokufa injini, pamoja na pini yake ya katikati, na uipake grisi kabla ya kuifunga.